Wimbo wa Mama Yake Mehuli

Mehuli alipofika nyumbani kwetu Mtaa wa Likoma, vijana wa mikokoteni pale nje walidhani ni tajiri amekuja kukagua jengo. Wakampisha. Mmoja akamwambia, "Karibu bosi, ofisi za mizigo ziko ghorofani." Mwenyewe alikuwa na begi la nguo mkononi na kiroba cha korosho begani, jasho linamtiririka mpaka kidevuni. Akacheka.

"Kaka, mimi namtafuta Mzee Awadhi. Natokea Masasi, nimekuja kusoma."

Mzee Awadhi ni baba yangu. Kila msimu wa korosho alikuwa akienda Masasi kununua, na huko alizoeana na Bwana Bhupat Gohil, mwenye duka la vipuri vya baiskeli na majembe. Mtoto wa Bwana Bhupat alipopata nafasi ya kusomea famasia katika chuo cha afya pale Upanga, na mimi nikapata chuo hichohicho kusomea maabara, wazee wawili walipigiana simu na maneno yakaisha. Kitanda cha pili kikaingizwa chumbani kwangu.

Jina lake kwenye vyeti ni Mehul. Lakini Masasi nzima walimwita Mehuli, na kwetu Kariakoo likabaki hivyohivyo. Alizungumza Kiswahili cha kusini, kile cha kuvuta maneno kidogo mwishoni, na akikasirika alitukana Kimakua. Wachuuzi wa Mtaa wa Kongo walipomwita kwa Kiingereza ili wamuuzie mashati, aliwajibu kwa lafudhi ile, nao wakabaki midomo wazi.

Kwao walikuwa Wahindu, wale ambao wazee wetu huwaita Mabaniani. Nyama hawali. Siku ya kwanza mama yangu, Bi Zamzam, alimpakulia wali na samaki wa kukaanga, naye akala wali mtupu kwa adabu, akashukuru. Mama akamtazama.

"Mwanangu, mbona samaki humgusi? Hajaiva?"

"Ameiva mama. Ila sisi hatuli."

"Sasa mbona husemi? Unataka nionekane namtesa mtoto wa watu?"

Tangu siku hiyo akawa na sufuria yake, na mwiko wake. Mbaazi za nazi, kunde, mchicha, mihogo. Mama alisema kupika mbaazi si kazi, na kwa kweli baada ya muda mfupi sote tulikuwa tunaichungulia sufuria ya Mehuli kabla ya kuangalia yetu.

Mama yake mzazi, Jyotsna, alifariki Mehuli akiwa na miaka sita. Aliyebaki kumwogesha, kumfunga vifungo vya shati la shule na kumkimbiza zahanati alipopata homa ni jirani yao, Mama Severa, mama wa Kimakua mkatoliki aliyekuwa akiuza vitumbua mbele ya duka lao. Baba alikuwepo, tena baba mwema, ila alikuwa mtu wa maneno machache, na baada ya msiba hayo machache nayo yakapungua. Kigujarati ndani ya nyumba kikafifia. Mehuli alikielewa nusunusu, kama mtu anayesikiliza redio ya mbali.

Kitu kimoja alibaki nacho. Alikuwa na wimbo. Akipiga pasi aliuvuta kwa sauti ya chini, taratibu, maneno ya Kigujarati, mistari miwili tu, halafu anaanza upya. Jumapili moja nilimuuliza.

"Huo wimbo hauishi?"

"Sijui unakoishia," alisema. "Mama alikuwa ananiimbia nikienda kulala. Namkumbuka uso kidogo sana, Nurdin. Sauti ndiyo naikumbuka."

"Unasema nini?"

"Miguu. Kuna neno miguu, na kuna neno ndani. Nadhani anamwambia mtoto miguu imechoka, ingia ndani ulale." Akageuza shati. "Nafikiri aliutunga mwenyewe. Sijawahi kumsikia mtu mwingine akiuimba. Na nikiuimba mbele ya baba, anatoka anakwenda dukani. Kwa hiyo sikuwahi kumuuliza."

Chuoni kulikuwa na chama cha wanafunzi wa Kihindu. Hawakuwa wengi, ila walikuwa na uchangamfu. Wengi wao walizaliwa palepale Upanga na Kisutu, wengine walitoka Mwanza na Arusha, na wachache walikuja kutoka India na Nepal. Mwenyekiti wao alikuwa Krupa, msichana wa udaktari, mwembamba, mwenye kutembea kama anayechelewa kila mahali. Aliliona jina la Mehuli kwenye ubao wa matangazo, akamtafuta mpaka akampata kwenye foleni ya mgahawa. Akamwagia Kigujarati.

Mehuli alijibu maneno matatu, la nne likakwama. Masikio yakamwiva.

"Samahani," Krupa akasema kwa Kiswahili. "Nilidhani... Basi, karibu. Diwali tunafanya hapahapa chuoni, uwanja wa ukumbi mkubwa. Utakuja?"

"Nitakuja," Mehuli akasema.

Hakwenda. Jioni ya Diwali ya mwaka ule wa kwanza, wenzake wakiwa wanawasha taa chuoni, yeye aliketi kwenye ngazi za nyumba yetu akaweka vitaa viwili vya udongo alivyotumiwa na baba yake kwa basi. Akatia mafuta ya nazi na tambi ya pamba, akaviwasha. Mama akatoka jikoni, akaona, akamwambia mdogo wangu azime taa ya barazani ili zile ndogo zionekane. Akaleta kigoda, akaketi karibu yake.

"Kwenu mnafanyaje siku kama ya leo?"

"Mimi na baba, mama. Tunawasha, tunakula kitu kitamu, Mama Severa anakuja na watoto wa jirani. Basi."

"Na wenzio si wako chuoni?"

"Wale wanajua kila kitu. Sala wanazijua, nyimbo wanazijua, wanacheza. Mimi ni Mhindu wa jina tu. Nikienda nitawaaibisha."

Walikaa hivyo mpaka mafuta yakaisha.

Mwaka wa pili ulipoanza, Krupa akaja tena. Safari hii alikuwa amejifunza namna ya kumwendea. Ilikuwa inakaribia Navaratri, ile sikukuu yao ya siku tisa za kumtukuza Mungu katika sura ya mama. Wakati huo watu hucheza garba: hufanya duara, katikati chungu kilichotobolewatobolewa chenye taa ndani, wakazunguka kwa makofi na nyimbo. Kwa sababu ya masomo, chama kilikuwa kimechagua Jumamosi moja tu.

"Sikuombi ucheze," Krupa alimwambia, mimi nikiwa hapo. "Nataka watu warefu wa kutundika taa na vitambaa. Na nataka mtu wa Kariakoo wa kutununulia vitu, maana sisi tukienda tunapigwa bei mpaka tunatoka machozi."

Kazi Mehuli hawezi kuikataa. Akaniangalia, nikaangalia pembeni, tukajikuta tumekubali wote wawili.

Wiki ile tulizunguka sana. Vitambaa vya rangi ya chungwa na kijani tulivipata Mtaa wa Uhuru, maua ya plastiki karibu na soko. Fimbo fupi za kuchezea, wanaziita dandia, Mehuli alikwenda kuziagiza kwa fundi seremala mtaa wa Gerezani, akazichora kwa chaki juu ya meza yake, na fundi akauliza kama ni za kupigia ngoma au kupigia watu. Kibarua kikubwa kilikuwa nguo. Krupa alisema hata watundika taa wavae kurta, lile shati refu, na Mehuli hakuwa nayo.

Mama alisikia habari hiyo akiwa anachambua mchele. Akaingia chumbani, akatoka na kanzu nyeupe ya baba yangu yenye darizi shingoni, iliyokuwa imembana tumbo tangu Idi mbili zilizopita.

"Mpelekee Fundi Idrisa aikate magotini," alisema. "Ikishakatwa, nani atajua ilikuwa nini?"

Fundi Idrisa aliikata, akapasua ubavuni kama wanavyovaa wao, akapiga cherehani pindo. Mehuli alipoivaa ilimkaa kama ilishonwa kwa ajili yake. Mama akamzungusha, akamtengeneza kola. Halafu akanigeukia mimi.

"Na wewe, utaingia kwenye ibada yao?"

"Wakati wa ibada nitakaa nje, mama. Nitasimamia viatu."

"Haya. Viatu vya watu visipotee."

Jumamosi ile tulikuwa ukumbini tangu adhuhuri. Taa zikapandishwa, vitambaa vikakunjwa kama mawimbi kutoka nguzo hadi nguzo. Wasichana walichora rangoli mlangoni, maua na tausi, kwa unga wa rangi. Mmoja wao alikuwa Clotilda, mwenzangu wa maabara kutoka Bukoba, aliyejitia ndani baada ya kuona tausi hana shingo. Magharibi ilipoingia nilikwenda kuswali msikiti wa jirani, nikarudi nikakuta watu wamejaa. Wahindu wa chuo na wazazi wao, walimu wawili watatu, wanafunzi wa kila kabila waliokuja kutazama. Mimi na Mehuli tukakaa mlangoni kupanga viatu. Alionekana kuridhika. Alikuwa ndani na nje kwa wakati mmoja.

Ibada ikaisha, chungu kikawekwa katikati na taa yake ndani, na mama mmoja mnene mwenye sari ya zambarau akakaa kwenye kinanda cha kupuliza kwa mkono. Jina lake Kokila. Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi anayeishi Upanga, na kwa miaka mingi ndiye alikuwa akiwaongozea wanafunzi nyimbo. Wao walimwita Kokilaben, wengine wote tulimwita Bi Kokila. Pembeni yake kijana wa Kinepali alipiga ngoma.

Wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Duara likazidi kupanuka, likawa mawili, moja ndani ya jingine. Kisha Bi Kokila akabadilisha mdundo, ukawa wa haraka, wa kurukaruka, akaachia sauti.

Mehuli alikuwa ameshika kiatu cha mtu. Hakukiweka chini. Alisimama polepole, akaelekeza sikio ndani kama mtu anayeitwa jina lake kutoka mtaa wa pili.

"Nurdin."

"Nini?"

"Huo ni wimbo wa mama."

Nikasikiliza. Mwanzoni sikuutambua, maana ule wa chumbani kwetu ulikuwa unatembea na huu ulikuwa unakimbia. Halafu mistari ile miwili ikaja, ileile niliyoisikia tangu anahamia kwetu, na watu wote waliokuwa ukumbini wakaiimba kwa pamoja huku wakipiga makofi. Wakaipita. Wakaendelea na mstari wa tatu, wa nne, na mingine mingi, wala hawakukwama popote.

Mehuli aliketi palepale katikati ya viatu. Sikujua nimshike au nimwache. Alikuwa analia na anacheka, na alikuwa anatikisa kichwa kila mstari mpya ulipoingia.

Wimbo ulipokwisha alinyanyuka, akapita katikati ya duara bila kuomba njia, kiatu bado kiko mkononi, mpaka kwa Bi Kokila. Nikamfuata.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, beta, mwanangu. Umepoteza mwenzake?" Alikuwa anakiangalia kile kiatu.

"Bibi, huo wimbo umeupata wapi?"

Bi Kokila akacheka. "Huu? Huu mimi nilifundishwa na bibi yangu. Hata watoto wanaujua. Kwa nini?"

Mehuli akamweleza. Alieleza vibaya, maneno yakipandana, Masasi, mama, kitanda, miaka sita, mistari miwili. Krupa akasogea. Kijana wa ngoma akaacha kupiga. Bi Kokila akamsikiliza mpaka mwisho, akamshika mkono akamketisha kwenye mkeka.

"Na wewe ulidhani unasema nini?"

"Miguu imechoka, mtoto aingie ndani alale."

Mama yule alijiziba mdomo kwa pindo la sari. Nikadhani analia, kumbe anajizuia kucheka, akashindwa. "Beta wangu! Ni kinyume chake. Anasema, masikio yangu yamesikia ngoma, miguu yangu haitaki kubaki ndani."

Kisha akamweleza wimbo mzima kwa Kiswahili, na sote tuliokuwa karibu tukasikiliza. Ni habari ya bi harusi mgeni aliyeachiwa dengu jikoni. Akasikia ngoma ya garba nje, akasema nitachungulia tu. Akachungulia, akazunguka mara moja, mara ya pili, dengu zikaanza kunukia moto. Jirani akapiga kelele, mbuzi wakakimbia, mama mkwe akatoka na mwiko kuja kumwadhibu. Lakini mama mkwe alipofika kwenye duara, miguu yake nayo ikamsaliti. Akacheza na mwiko wake mkononi, na nyumba nzima ikalala bila kula.

Mehuli alikuwa amekodoa macho. "Yaani ni wimbo wa utani?"

"Wa utani kabisa. Mama yako alikuwa anakulaza kwa wimbo wa watu waliokataa kulala." Akampapasa bega. "Huyo mwanamke alikuwa mchezaji, mwanangu. Nakuambia mimi. Asiyependa kucheza hauchagui huu kumbembelezea mtoto."

Krupa akasema, "Tuurudie?"

Wakaurudia, kwanza taratibu ili Mehuli ashike maneno, Bi Kokila akimtamkia mstari kwa mstari, halafu kwa kasi yake. Krupa akamvuta mkono akamwingiza kwenye duara. Alikosea kila hatua. Wenzake walipogeuka kulia yeye aligeuka kushoto, akamkanyaga mwalimu mmoja, akagongana na Clotilda ambaye naye hakujua. Hakuna aliyejali, na yeye chini ya ile kanzu iliyokatwa hakujali zaidi ya wote.

Tulipotoka, aliketi kwenye ngazi za ukumbi akampigia baba yake simu, akaweka sauti ya nje ili nami nisikie.

"Baba, leo nimeusikia wimbo wa mama. Wanaujua wote."

"Ule wa dengu," baba yake akasema kutoka Masasi.

"Kumbe unaujua!"

"Naujua. Siku ya kwanza kumwona mama yako ilikuwa Lindi, kwenye Navaratri ya kwa mjomba wake. Yeye ndiye alikuwa anauongoza. Nilikuwa nimekwenda kuchukua mzigo wa minyororo ya baiskeli. Nikakaa siku zote tisa." Akapumua. "Alipofariki, nilidhani nikiuimba wewe utaumia. Na nilipokusikia wewe unauimba, nikaumia mimi. Basi nikawa natoka nje. Nisamehe, mwanangu. Nilikunyima kitu chako."

"Hujaninyima, baba. Nimekipata."

Hapo ndipo niliposimama nikaenda kutafuta maji, maana mazungumzo yale hayakuwa yangu.

Diwali ya mwaka huo Bwana Bhupat alifunga duka, akapanda basi kuja Dar, na hakuja peke yake. Alikuja na Mama Severa. Yule mama alishuka Temeke na ndoo ya korosho kichwani, akamkumbatia Mehuli mbele ya abiria wote, akamwambia amekonda, jambo ambalo mama yangu alilichukulia vibaya mpaka jioni. Wakapatana jikoni. Kesho yake Bi Kokila akaja kutoka Upanga, na wale mama watatu wakasaga korosho kwa sukari na iliki kutengeneza vitamu vya sikukuu. Kila mmoja aliamini mwenzake anakoroga vibaya. Nyumba ilinukia mpaka wenye maduka ya chini wakawa wanapanda kuuliza.

Siku yenyewe, mvua ya vuli ilinyesha alasiri. Rangoli yote waliyoichora uwanjani mwa ukumbi ilikwenda na maji, rangi zikatiririka kwenye mfereji. Krupa alisimama anaangalia. Mama Severa akakunja kanga yake akapiga magoti barazani, mahali pakavu.

"Mmebakiwa na unga kiasi gani?" akauliza. "Leteni. Kanisani kwetu Pasaka tunapamba chini kwa maua. Hili siliogopi."

Basi barazani kukachorwa upya, kwa haraka, Mama Severa na Krupa na Clotilda na wengine waliopenda. Haikuwa nzuri kama ile ya kwanza. Mvua ikakatika, wakapanga vitaa kwenye ngazi zote za ukumbi na juu ya ukuta wa bustani, na lami iliyolowa ikarudisha mwanga, taa zikawa mara mbili. Mama yangu na baba walikuja, mama na sinia la visheti. Wanafunzi wakapita wakiwaamkia wazee mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, na wale wa Kihindu wakiinama kugusa miguu ya Bwana Bhupat, na mwenyewe hakujua aweke wapi mikono. Ni miaka mingi hakuwa amesalimiwa hivyo.

Bi Kokila akauanza wimbo wa dengu bila kinanda, kwa makofi tu. Mehuli akampokea, maneno yote, kwa sauti yake nene ya kusini. Nilimtazama baba yake. Alikuwa amesimama karibu na nguzo, midomo inacheza. Kisha akavua viatu akaviweka sambamba, akaingia. Yeye hakukosea hatua hata moja. Mama Severa akapiga vigelegele, mama yangu naye akapiga, wakawa kama wanashindana.

Wakati wa kula, Bwana Bhupat alimwendea mama na sahani mkononi.

"Dada Zamzam," alisema, "sijui nianzie wapi. Mtoto huyu umemlea..."

"Usianzie popote," mama akamkatiza. "Kula kwanza. Chakula kinapoa."

Akala. Lakini baadaye, wakati wa kuagana, alimshukuru tena, na baba yangu, na Krupa, na mlinzi wa geti, na hata Fundi Idrisa ambaye hakuwepo. Mtu wa maneno machache alikuwa amefunguka siku hiyo.

Sasa Mehuli ni mfamasia. Anafanya kazi kwenye duka la dawa Mtaa wa Mchikichi, na wachuuzi wanampenda kwa sababu anawaeleza dawa kwa lugha yao na hana haraka nao. Krupa ni daktari. Mimi niko maabara ya hospitali moja huku mjini. Chama cha wanafunzi kina sura mpya, lakini Navaratri ikifika wanatuita, na tunakwenda kutundika taa kama zamani.

Mwaka jana mama yangu alifanyiwa upasuaji wa nyongo. Nilihangaika sana siku zile. Krupa alipita wodini kila alipotoka zamu yake, ingawa si wodi yake. Wanafunzi wa chama, watoto ambao mama hakuwajua hata majina, walikuja kujitolea damu baada ya Mehuli kuwaambia kwamba ni mama yake. Alisema hivyohivyo, mama yangu, na hakuna aliyeuliza zaidi. Na mama alipoanza kuruhusiwa kula, Bi Kokila, magoti yake yakimuuma, alikuwa akija kwa bajaji na chombo cha wali laini uliopikwa na choroko, bila mafuta, bila pilipili, akaketi kando ya kitanda na kumlisha kijiko kwa kijiko.

"Hauna chumvi," mama alilalamika siku ya kwanza.

"Daktari amekataza chumvi nyingi."

"Daktari si Krupa? Yule si mtoto wetu? Mwambie aongeze kidogo."

Wakacheka mpaka muuguzi akaja kuwanyamazisha.

Usiku ule nilimwambia mama kwamba sijui tutawalipa nini watu wale. Aliniangalia kama nimesema jambo la kitoto. "Kwani wewe unadhani mimi nilikuwa nalipwa nini?" akasema. Baadaye kidogo akasema, "Alhamdulillah," akafumba macho, akalala.

Alipopata nafuu, Oktoba ilikuwa imeingia. Siku moja alimuuliza Mehuli Navaratri ya chuoni ni lini, maana zamani alikuwa akiisikia tu kwa mdomo wetu, na Diwali alizoziona hazikumtosha. Tulimpeleka. Aliwekewa kiti mbele, karibu na Bi Kokila, na kila wimbo ulipokwisha alimwinamia kumuuliza huo nao unasema nini.